Hofu Hii ni ya Nani?

Tarehe 15 Aprili 2013 mabomu mawili yalilipuka karibu na mstari wa kumalizia mbio za marathoni mjini Boston, Marekani. Watu watatu waliuawa na mamia wakajeruhiwa. Wiki chache baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, wakiongozwa na Alison Holman, waliwahoji Wamarekani zaidi ya 4,000 juu ya mambo mawili: walikuwa karibu kiasi gani na tukio, na katika wiki ile walitumia saa ngapi kwa siku kufuatilia habari zake kwenye televisheni, redio, magazeti na mitandao. Majibu yake hayajanitoka kichwani tangu niyasome. Waliofuatilia habari kwa saa sita au zaidi kwa siku walionyesha mshtuko mkubwa kuliko waliokuwapo pale mabomu yalipolipuka. Mtu anaweza kusema kwamba wenye wasiwasi ndio hufuatilia zaidi. Watafiti walilifikiria hilo, wakazingatia hali ya afya ya akili ya watu hao kabla ya tukio, na matokeo yakabaki yaleyale.

Nimeanzia hapo kwa sababu tukizungumza juu ya kujitambua huwa tunakimbilia utulivu: kufumba macho, kukaa kimya, kuondoa mawazo. Utulivu ni mzuri, nami nautafuta kama kila mtu. Lakini siuoni kuwa ndio kiini cha jambo. Kwa mtu anayeishi leo, na simu yake imemuunganisha na watu asiowajua wa mabara yote, kiini ni kuweza kujua hisia aliyonayo imetoka wapi. Hasira niliyoamka nayo leo, ni ya jambo lililonipata mimi? Au nimeipokea kutoka kwa mtu aliyeiandika usiku wa manane, akiwa na machungu yake, nami nikaisoma kabla sijanawa uso?

Mwaka 1866 waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari ya Atlantiki ulianza kufanya kazi kwa uhakika, na habari iliyokuwa ikichukua siku kumi na zaidi kwa meli ikawa inafika siku hiyohiyo. Tangu hapo kasi imezidi kuongezeka. Mwili unaozipokea habari hizo haujabadilika. Tukiona au kusikia kitu cha kutisha, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hushtuka kabla fikra hazijamaliza kupima kuna nini, adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unaenda mbio na misuli inakaza. Yote hayo ni maandalizi ya kukimbia au kupambana. Sasa, nikitazama jengo linaloungua katika mji ambao sijawahi kufika, nikimbilie wapi? Nipambane na nani? Mwili unabaki umejiandaa, umekaa kwenye kiti, hauna kazi ya kufanya. Dakika mbili baadaye inakuja picha nyingine.

Nilikuja kuliona hili kwa macho yangu kupitia kwa dada yangu. Alikuwa na tabia ya kuanza ujumbe kwa neno moja tu: "Umeona?" Halafu kimya, anaandika. Jioni moja nilikuwa nasoma, simu ikawaka, neno likatokea. Wakati huo nilikuwa nimeanza kujizoeza kujitazama, kwa hiyo sikufungua papo hapo. Nilingoja nione mwili unafanya nini. Taya zilikuwa zimebana. Pumzi ilikuwa imekwama juu kifuani, haishuki. Vidole vya miguu vilikuwa vimejikunja ndani ya soksi, jambo ambalo nisingelijua kamwe kama nisingekwenda kulitafuta. Na yote hayo kabla sijajua kumetokea nini! Neno moja lilikuwa limetosha. Nilipofungua, ilikuwa picha ya mtoto wa jirani yetu wa zamani, amehitimu, amevaa joho, anacheka mpaka macho yamefumba. Furaha ya picha ile ilichelewa kuingia, maana hofu ilikuwa imeshawahi kukaa.

Nilimpigia nikamweleza. Akasema na yeye humtokea hivyohivyo nikimwandikia "nipigie ukipata nafasi". Tukakubaliana kila mmoja aanze na jambo lenyewe: fulani amehitimu, mama ana homa, nimekukumbuka tu. Ni kitu kidogo, lakini nakithamini sana, kwa sababu kinaonyesha kwamba umakinifu, yaani huku kujitazama ninakokuzungumzia, hauishii ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Tunaweza kuandikiana kwa namna inayomwachia mwenzetu pumzi yake.

Upo ugumu mmoja ambao haufai kurukwa. Sisi binadamu ni hodari mno wa kujieleza, na maelezo yetu mara nyingi si ya kweli. Mwaka 1977 wanasaikolojia Richard Nisbett na Timothy Wilson walichapisha makala iliyoeleza jaribio rahisi kabisa. Wanunuzi waliwekewa mezani pea nne za soksi ndefu za nailoni, zimepangwa kwa mstari, wakaombwa waseme ipi ni bora na kwa nini. Soksi zote zilikuwa sawasawa, hazina tofauti hata moja. Watu walielekea kuchagua ya kulia kabisa, na hiyo ilichaguliwa karibu mara nne zaidi ya ile ya kushoto kabisa. Walipoulizwa sababu, walitoa sababu nzuri za ubora wa kitambaa. Hakuna aliyetaja mahali soksi ilipowekwa. Na walipoulizwa moja kwa moja kama huenda mpangilio uliwaathiri, karibu wote walikana, baadhi wakimtazama muulizaji kwa mashaka.

Nikilisoma jaribio hilo siwacheki wale watu. Najiona mimi ninapoulizwa kwa nini leo nimekasirika. Jibu ninalo, limepangika, lina mtuhumiwa na ushahidi. Lakini huenda kilichonikasirisha ni video niliyoitazama saa tatu kabla, nikaisahau, ikaniachia moto, na mtu wa kwanza kunigusa akaupata. Ndiyo maana siku hizi sijiulizi sana "kwa nini". Swali hilo linamwita msimulizi aliye ndani yangu, naye hakosi hadithi. Najiuliza "nini". Nini kipo sasa hivi mwilini? Ni nini nilichokiona kabla ya hapa? Nini nilitaka kufanya, na mkono umeshaanza kukifanya? Maswali hayo yanajibiwa kwa kutazama, na jibu lake huwa fupi.

Watu wa kale walilijua hili vizuri kuliko tunavyowapa sifa. Mafundisho ya Kibuddha juu ya umakinifu huanza na pumzi, na huanza kwa unyenyekevu unaonigusa kila ninapourudia: mtu akivuta pumzi ndefu, na ajue kwamba anavuta pumzi ndefu, akivuta fupi, ajue kwamba ni fupi. Haambiwi airefushe. Haambiwi atulie kwanza. Anaambiwa ajue tu. Kwa mtu aliyezoea kujirekebisha kila saa, agizo hilo ni gumu kuliko linavyosikika.

Upande mwingine kulikuwa na hesabu ya jioni. Seneca, mwanafalsafa wa Roma, alipoandika juu ya hasira alieleza desturi yake: taa ikishaondolewa, na mkewe, ambaye aliijua desturi hiyo, akishanyamaza, yeye huipitia siku yake yote, maneno na matendo, bila kujificha chochote. Anajihoji kama hakimu, lakini hakimu mpole. Anajiambia asirudie, kwa leo amesamehewa. Katika Uislamu ipo muhasaba, kuihesabu nafsi, na al-Harith al-Muhasibi, aliyefariki Baghdad mwaka 857, aliandika mengi juu ya namna nafsi inavyomdanganya mwenyewe. Ignatius wa Loyola, karne ya 16, aliwawekea wafuasi wake utaratibu wa kuichunguza dhamiri kila siku. Hawa hawakuwa watu wa imani moja wala zama moja, na bado wote waliona kwamba siku ikipita bila kutazamwa, inamwachia mtu alama asizozijua.

Ila kuna tofauti moja kati ya siku yao na yangu. Seneca alipojihesabu, alijihesabu juu ya watu aliokutana nao: mtu aliyemjibu vibaya, bawabu aliyemzuia rafiki yake, mwenyeji aliyempa kiti cha mbali. Siku yangu ina watu hao, na juu yao ina mamia wengine ambao sikukutana nao na ambao wameniachia kitu. Mmoja amenitia wivu kwa safari yake. Mwingine amenitisha juu ya uchumi. Watatu wamegombana mbele yangu juu ya jambo lisilonihusu, nami nimechagua upande. Kwa hiyo hesabu yangu ya jioni ina safu ya ziada. Pamoja na kujiuliza nimefanya nini, najiuliza nimebeba nini kisicho changu. Wakati mwingine nagundua kwamba uchovu niliokuwa nikiulaumu kazini haukutoka kazini kabisa.

Haya yote hayatokei kwa bahati tu. Mwaka 1971 mwanauchumi Herbert Simon alieleza kwamba taarifa hula kitu, nacho ni umakini wa wanaozipokea. Taarifa zikijaa, umakini unakuwa haba. Leo uhaba huo una soko lake. Mwaka 2006 mbunifu wa programu Aza Raskin alibuni ukurasa usio na mwisho, ule ambao ukiusukuma juu unaendelea kujileta wenyewe, na baadaye amejutia hadharani matumizi yake. Zamani ukurasa ulikuwa na mwisho. Ukifika chini unabonyeza "endelea", na katika sekunde hiyo ya kubonyeza kulikuwa na mwanya: shingo inauma, macho yamechoka, mtu anakuita kutoka chumba cha pili. Mwanya ule ulipoondolewa, iliondoka pia nafasi ya mwili kuulizwa kama bado unataka. Nasema kwa uzito kwamba huu ni wizi, hata kama unafanywa kwa tabasamu na rangi nzuri, na sipendi kusikia mtu akiambiwa kwamba tatizo ni udhaifu wake peke yake.

Hata hivyo mkono ni wangu, na huo naweza kuutazama. Gloria Mark, mtafiti wa California, amekuwa akipima kwa miaka muda ambao watu hukaa kwenye skrini moja kabla ya kuhamia nyingine. Mwaka 2004 wastani ulikuwa dakika mbili na nusu. Katika vipimo vya miaka ya karibuni umeshuka hadi sekunde 47 hivi. Kilichonishtua zaidi katika kazi yake ni kwamba sehemu kubwa ya makatizo hayaletwi na mlio wala arifa. Mtu anajikatiza mwenyewe. Nilipoanza kujivizia, niliona jinsi inavyokwenda. Ninaandika, sentensi inagoma. Inakuja aibu ndogo, karibu haionekani, kama ya mwanafunzi aliyeulizwa swali asilolijua. Aibu hiyo haijakaa hata sekunde mbili, mkono wa kushoto umeshaondoka kwenye kibodi na simu imo kiganjani. Nilikuwa nikiamini kwamba nafungua simu kwa sababu ya hamu ya kujua kinachoendelea duniani. Kumbe mara nyingi natoroka. Dunia nzima, na vita vyake na harusi zake, inatumika kunifunika nisiione aibu ya sentensi moja iliyogoma.

Nikishaiona aibu, naipa jina. Si kwa falsafa ndefu. Nasema tu moyoni, "hii ni aibu", au "huu ni wivu", au "nimefadhaika". Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira au hofu huku wakipimwa ubongo. Watu walipochagua neno la kuitaja hisia iliyo usoni, amigdala ilitulia kuliko walipofanya kazi nyingine na picha zilezile. Kwangu mimi jambo hilo lina ukweli ninaoujua kwa kuliishi. Hisia ikipewa jina sahihi hupungua ukali, na jina lisilo sahihi halifanyi kazi. Nikisema "nimechoka" wakati nina kinyongo, kinyongo kinabaki palepale kinaningoja.

Hapa nataka kuwa mwangalifu, kwa sababu umakinifu umeuzwa sana kupita uwezo wake. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha programu ya umakinifu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu na msongo ambao tiba ya kawaida haikuwa ikiwafikia. Ilikuwa kazi ya hospitali, ya watu wanaoumwa kweli. Leo mazoezi hayohayo yanauzwa kama dawa ya kila kitu. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2014, uliojumlisha majaribio 47 na watu 3,515, uliona kwamba programu za taamuli, yaani mazoezi ya kutafakari, husaidia kwa kiasi kidogo hadi cha wastani katika wasiwasi, sonona na maumivu, na haukuona ushahidi kwamba zinashinda dawa au mazoezi ya viungo. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya jaribio kubwa la shule za Uingereza, wanafunzi zaidi ya 8,000 wa miaka 11 hadi 14: waliofundishwa umakinifu na walimu wao hawakuonyesha nafuu kuliko waliofuata masomo ya kawaida. Na kuna watu, hasa waliopitia mambo mazito, ambao kufumba macho na kukaa na miili yao kunawafungulia mlango wa kumbukumbu wasizoweza kuzibeba peke yao. Hao wanahitaji mtaalamu wa kukaa nao.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Mfanyakazi anayepewa kazi ya watu watatu akaambiwa avute pumzi, hajasaidiwa. Pumzi itamsaidia kujua kwamba ameelemewa, na akishajua, linalofuata ni kupunguziwa mzigo. Kujitambua kunakomfanya mtu avumilie asichopaswa kuvumilia, mimi sikuhesabu kuwa ni kujitambua.

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wanaonizunguka ni hili: si afadhali basi mtu azime simu, aishi na walio karibu naye, mambo ya dunia yaende yanakokwenda? Nalielewa. Nina rafiki aliyefanya hivyo na sasa analala vizuri tena. Lakini kwangu halitoshi, kwa sababu wanaoteseka mbali ni watu kweli, na baadhi ya mateso yao yanahusiana na ninachonunua, ninachopigia kura na ninachokinyamazia. Kuunganishwa kwa dunia hakukuanza na simu, wala hakuishi kwa kuizima.

Nilipata mwanga katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na Olga Klimecki, Tania Singer na wenzao. Waliwafundisha washiriki kwanza kuingia kwenye maumivu ya watu wanaowaona kwenye video, kuyahisi pamoja nao. Hisia mbaya za washiriki zikapanda, pamoja na shughuli katika sehemu za ubongo zinazohusika na maumivu. Kisha wakawafundisha huruma, maana yake kumtakia mema anayeumia na kutaka apate nafuu. Hisia mbaya zikashuka, hisia njema zikapanda, na sehemu nyingine za ubongo zikaanza kufanya kazi, ingawa video bado zilikuwa za watu wanaoteseka. Mtu anaweza kuumia na mwenzake mpaka akazama, akawa hana faida kwa yeyote. Anaweza pia kusimama karibu na maumivu yaleyale, moyo uko wazi, mikono ina nguvu.

Basi habari ya maafa ya mbali ikinifikia, ninafanya hivi. Naisoma yote, mara moja, kwa maneno, bila video. Nautazama mwili: taya, kifua, tumbo. Nasema hofu hii imeletwa, nayo ni halali, lakini haiko chumbani humu. Kisha nawaza juu ya mtu mmoja miongoni mwa waliofikwa, mama fulani nisiyemjua jina, namwombea apate msaada kabla ya usiku. Naangalia kama kuna njia ya kusaidia inayoaminika. Ikiwapo, natoa nilichonacho saa ileile, kwa sababu nikiahirisha najua sitarudi. Halafu nafunga.

Baada ya wiki moja au mbili natafuta mwenyewe habari zao, kwa jina la mahali. Zoezi hilo ndilo limenibadilisha kuliko yote. Taarifa huwa zimepungua, wakati mwingine unapata mbili tatu tu, za watu wa misaada na wanahabari wa pale. Kule ambako kila mtu alikuwa akilia wiki iliyopita, sasa kuna mjadala mwingine unaowaka. Nao wale wa kwenye habari bado wanalala kwenye mahema, bado wanafukua kifusi, bado wanatafuta maji, na huo ndio wakati ambao mchango mdogo unaonekana.